Baiskeli ya Siku Mbaya

Baiskeli mbili zilikuwa zimeegemezwa ukutani, na Karlene Unruh alizitazama kama alivyozoea kuzitazama chupa mbili za damu zenye majina yanayofanana: bila kugusa kwanza.

"Shemeji, hazing'ati," alisema Royce Goertzen, mwenye duka, huku akijifuta grisi mikononi. Royce alikuwa binamu wa Duane, mume wa Karlene, na hakuweza kumwona mtu amesimama dukani mwake bila kununua kitu pasipo kumtania. "Ziguse. Moja ikikung'ata nakupunguzia bei."

"Inayong'ata ni hiyo bei yenyewe," alisema Duane. Alikuwa amekaa juu ya kreti karibu na mlango, anakula mkate uliojazwa nyama na kabichi, na makombo yalikuwa yamemjaa kifuani.

Karlene hakucheka. Keshokutwa, Jumatatu, Duane angeanza kazi kwenye visima vya mafuta magharibi ya Kansas, mwendo wa saa tatu, na angekuwa huko wiki nzima na pikapu yao. Hawakuwa na gari jingine. Lile dogo lilikufa injini mwezi wa Januari, na kabla ya kufa lilikuwa limemchelewesha Karlene kazini mara mbili. Alikuwa fundi wa maabara katika hospitali ya mji huu wa Harlan Creek, bado yumo katika kipindi cha majaribio, na msimamizi wake, Maxine Haskett, alikuwa amemwambia bila kupandisha sauti kwamba mara ya tatu haitakuwa na mazungumzo. Kazi ikienda, bima ya afya ingekwenda nayo. Bima ya kazi mpya ya Duane isingeanza kabla ya siku tisini. Na binti yao, Joelle, mwenye miaka kumi na mmoja, aliishi kwa insulini, ambayo bei yake bila bima Karlene aliijua na hakupenda kuitaja.

Walikuwa na dola elfu moja na mia tano. Kwa fedha hiyo mtu aliweza kununua gari bovu, na gari bovu Karlene alikuwa ameshalijaribu.

"Sitaki usukani ulionyooka," alisema. "Februari niliazima baiskeli ya milimani ya jirani. Upepo wa kusini ulinishika kifuani kama mtu. Nilifika mjini nusura nitambae."

"Ndiyo maana hizi zote usukani wake umepinda kwenda chini," Royce alisema. "Upepo ukija, unashika huku chini, unalala, upepo unapita juu yako unamtafuta mjinga mwingine. Sasa sikiliza. Hii ya bluu ni alumini, uma wa mbele, ule unaoshika gurudumu, ni kaboni. Nyepesi, unainyanyua kwa vidole. Gia kumi na mbili, breki za mafuta. Ni ya mwaka jana, vinginevyo usingeigusa kwa fedha yako."

"Na ya kijani?"

"Hiyo ni chuma. Gia tisa, breki za waya. Nzito kama mama mkwe wako."

"Nitamwambia mama," alisema Duane.

"Mwambie. Ananijua." Royce alilipiga kofi tandiko la baiskeli ya kijani. "Lakini ina matundu ya kufungia chochote unachotaka: keria, madigadi, chupa za maji, mbuzi. Na inakubali tairi pana, kama hizi ilizo nazo. Hii ya bluu tairi zake ni hizi hizi, hakuna nafasi ya kuongeza."

Karlene aliinama, akaupenyeza mkono kati ya tairi na fremu. Kwenye ya kijani vidole viwili vilipita. Kwenye ya bluu kidole kimoja kilipita kwa shida.

"Ipi inafika?" aliuliza.

"Zote zinafika."

"Siku gani?"

Royce alizitazama baiskeli zote mbili. Kisha akasema, "Nitakupa zote mbili ukazijaribu, moja moja. Ila nisikufiche. Kuna jamaa wa Salina, Trent Oberle, anaitaka ya kijani. Urefu wenu sawa, saizi moja, na kiwanda hakina nyingine mpaka Agosti. Nimemwambia aje saa kumi jioni, nikifunga. Mpaka saa hiyo wewe ndiye wa kwanza. Baada ya hapo, shemeji au si shemeji, mimi nauza."

*

Kutoka kwao shambani mpaka mjini kulikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa barabara ya kaunti, changarawe tupu, iliyozunguka upande wa mashariki kufuata vilima: maili kumi na nne. Ya pili ilikatiza katikati kwa barabara ya udongo ambayo kaunti haikuitengeneza, na iliokoa maili tatu. Pikapu yao ilipita hapo kila siku. Udongo ukiwa mkavu, magurudumu ya malori ya ng'ombe huusugua mpaka uwe laini kuliko lami.

Karlene aliihitaji njia hiyo. Mama mkwe wake, Leona, alikesha kazini kwenye nyumba ya wazee, na asingeweza kufika kwao kukaa na Joelle kabla ya saa kumi na moja na nusu alfajiri. Kumwacha mtoto peke yake wakati huo haikuwezekana. Sukari yake ilipenda kushuka karibu na mapambazuko, na ikishuka hakujua hata kujibu jina lake. Kwa sababu hiyo hiyo gari la Leona lilipaswa kubaki nyumbani, tayari kumkimbiza mtoto hospitali. Kutoka Leona akifika mpaka saa moja kasorobo, Karlene alipotakiwa kuwa ndani ya maabara, ulikuwa muda wa saa moja na dakika kumi na tano. Hapo ndipo penye nafasi yake yote.

Aliitoa ya bluu kwanza. Alikwenda mpaka kwenye lango la nyumbani, akaligusa, akabonyeza saa yake, akageuka. Mbuga pande zote zilikuwa nyeusi kwa moto ambao wafugaji walikuwa wameuwasha wiki iliyopita, na majani mabichi yalikuwa yameanza kuchomoza. Kwenye barabara ya udongo baiskeli ilikimbia bila kutoa sauti. Aliposhika chini ya usukani, mgongo ulinyooka na upepo ukamwachia. Alifika mlangoni kwa Royce chini ya saa moja, na dakika za ziada mfukoni.

"Umeshaamua," alisema Duane. "Naona usoni."

"Uso si kipimo."

"Karlene. Imefika. Tulipe, twende tukale."

"Nina jibu la moja. Nataka la pili. Njia ile ile, mtu yule yule, nione tofauti."

Duane alimtazama Royce. Royce akainua mabega. "Wewe ndiye uliyemwoa, ndugu yangu."

Mvua iliwakuta hapo hapo. Ilipiga bati la duka kwa nguvu mpaka wakaacha kuongea, ikaangusha mawe mawili matatu ya barafu, kisha ikakatika ghafla na jua likatoka kana kwamba hakuna kilichotokea. Duane aliondoka na pikapu kwenda kumpima Joelle sukari ya mchana. Karlene akapanda ya kijani.

*

Kwenye njia panda alisimama.

Barabara ya udongo mbele yake ilionekana nzuri. Ilikuwa imelowa, lakini ilikuwa na changarawe, na alama za magurudumu zilikuwa hazijazama. Karlene alijua sababu, kama kila mtu wa huko alivyoijua: familia ya Penner walikuwa wamemwaga changarawe yao wenyewe kutoka hapo mpaka langoni kwao, ili lori la maziwa lisikwame. Baada ya lango hilo hapakuwa na changarawe ya mtu yeyote. Alilijua hilo, na bado akaingia. Kwa miaka kumi na mitano alikuwa amepita hapo na pikapu siku za mvua, na dawa yake ilikuwa moja tu: usipunguze mwendo, ikanyage, itatoka. Zaidi ya hayo, alikuwa amesema njia ile ile. Ukibadilisha njia, umebadilisha kipimo.

Alilipita lango la Penner kwa kasi. Udongo ukaanza kunata. Tairi zilikuwa zikinyanyua ukanda mnene, mwekundu wa hudhurungi, na kuutupa nyuma. Baiskeli iliendelea. Hata alishangaa jinsi ilivyoendelea. Nafasi ile ya vidole viwili ililimeza tope na kulitema. Akavuka mteremko wa kwanza, akavuka mtaro. Akafika bondeni, mahali ambapo udongo ni wa mfinyanzi mtupu, na hapo gurudumu la nyuma likaacha kuzunguka.

Alikanyaga pedali kwa nguvu. Kitu kililia nyuma, mlio mkavu wa chuma kikipinda.

Aliruka chini kama aliyeungua.

Tope lilikuwa limejaa kati ya tairi na fremu, limeshika cheni, limekimeza kile kidude cha kubadilisha gia mpaka kisionekane. Kama angekanyaga mara moja zaidi kingekatika, na baiskeli haikuwa yake. Alijaribu kuisukuma. Magurudumu yalikuwa kama yamechomelewa. Aliibeba, na uzito ulikuwa karibu mara mbili ya ule wa dukani. Miguu yake ikazama mpaka vifundoni. Akapiga hatua, kiatu kikabaki.

Alisimama kwa mguu mmoja katikati ya barabara, akatazama nyuma, akatazama mbele. Hapo ndipo alipoelewa. Baiskeli ya bluu ingekwama mara tu baada ya lango la Penner, na angerudi kwenye changarawe akitembea. Hii, kwa uzuri wake, ilikuwa imemleta katikati kabisa, mbali na kote.

Alitoa simu. Mtandao ulikuwepo, hafifu, lakini ulikuwepo. Jina la Duane lilikuwa la kwanza. Angekuja na pikapu, angemtoa kwa kicheko kimoja na matusi mawili, baiskeli ingefika mjini kwa wakati.

Jumatatu Duane hatakuwepo.

Alirudisha simu mfukoni. Akachomoa kiatu, akakivaa na tope lake, akaiburuta baiskeli mpaka kwenye majani ya kando, karibu na uzio wa seng'enge. Alivunja kipande cha ubao kwenye nguzo iliyooza, akapiga magoti akaanza kukwangua. Udongo ulitoka kwa mapande. Pale ubao ulipokuwa mnene mno alitumia kucha. Hakukimbilia kulisafisha lote. Alisafisha penye kuzunguka tu, na kile kidude cha gia alikizungushia kidole polepole, akakinyoosha kwa jicho, akazungusha pedali kwa mkono. Cheni ilisaga mchanga lakini ilikwenda. Gia mbili nyepesi, za kupandia vilima, zilikataa. Saba zilikubali.

Kisha aliisukuma juu ya majani, akiinamisha kichwa chini ya matawi ya michungwa-mwitu yenye miiba, mpaka alipofika upande wa pili, kwenye barabara ya kaunti. Ilikuwa saa tisa kasoro dakika ishirini.

Mji ulikuwa kulia, kwa kuzunguka na vilima. Kushoto, maili moja, kulikuwa na lango la nyumbani.

Mtu yeyote mwenye akili timamu angekwenda kulia. Trent Oberle wa Salina pengine alikuwa ameshatoka kwake. Lakini akienda kulia kutoka hapo, angefika mjini akiwa na uchovu na hana namba. Angejua kwamba barabara ya udongo haipitiki, jambo ambalo lilijulikana kabla hajazaliwa. Asingejua njia ndefu inachukua muda gani, na sasa njia ndefu ndiyo ilikuwa swali lote.

Akageuka kushoto. Alikanyaga kuelekea nyumbani, mgongo kwa mji, akihesabu kila pumzi kama hasara. Alipofika aliligusa lango. Pikapu ilikuwa uani, na kupitia dirisha la jikoni aliona kisogo cha Joelle. Hakuita. Akabonyeza saa, akageuza.

*

Greda lilikuwa limepita barabara ya kaunti siku ya Alhamisi na kumwaga kokoto mpya, zile za gumegume za huko, zenye makali ya kukata mpira. Zilikuwa bado hazijakandamizwa na magari. Gurudumu la mbele lilizama na kuelea, likavutwa kushoto, likavutwa kulia. Karlene alitaka kulikaba, na kila alipolikaba lilimtishia kumwangusha. Akalegeza mikono. Baiskeli ikajitafutia njia yenyewe, nzito, bila haraka, tairi zake pana zikipanda juu ya mawe badala ya kupigana nayo.

Kisha barabara ikapinda, na upepo wa kusini ukampata uso kwa uso.

Akashika chini. Kidevu karibu kiguse usukani. Aliiona barabara kwa kipande tu, mita chache mbele, na katika kipande hicho alitafuta jambo moja: jiwe lenye ncha. Kila mara tairi lilipolia dhidi ya jiwe, alitega sikio kusikia mlio wa hewa ikitoka. Haukuja. Mwendo ulianza kupungua kwenye kilima cha makaburi. Gia aliyoitaka ilikuwa mojawapo ya zile zilizokataa. Alisimama juu ya pedali, akalaani kwa sauti kubwa mbele ya ng'ombe waliokuwa wakimtazama, akapanda.

Hakuitazama saa mpaka alipogusa mlango wa duka. Saa moja na dakika nane tangu langoni.

Ndani, mwanamume mrefu mwenye miwani ya jua kichwani alikuwa amesimama kando ya kaunta. Royce aligeuka.

"Shemeji! Mimi nilikupa baiskeli ya kijani. Hii ya kahawia ni ya nani?"

"Hiyo ni baiskeli," aliuliza mwanamume yule, "au ni tope lenye usukani?"

"Huyu ni Trent," alisema Royce. "Trent, huyu ni shemeji yangu, na bado hajaamua. Au ameamua?"

Karlene alijaribu kuongea, pumzi ikakataa. Aliinua kidole kimoja: ngoja.

"Dada, nimeendesha gari saa nzima kuja hapa," alisema Trent.

"Mimi nimeibeba nusu yake," alisema Karlene.

Royce alicheka, lakini alikuwa ameshachuchumaa anaichunguza gia. "Umeipindisha. Kidogo. Inanyooka, usiogope. Umepita udongo?"

"Nimekwama kwenye udongo."

"Hata ya bluu ingekwama, ukweli nikuambie."

"Ingekwama mapema zaidi."

"Ndiyo afadhali!" alisema Trent. "Ikikwama karibu, unarudi karibu. Hii imekupeleka mbali ikakutupa. Mimi ningekuwa wewe ningeichukia. Chukua ya bluu, ni nyepesi, ni ya kike—"

"Malizia hiyo sentensi," alisema Royce, "halafu nikutoze dola hamsini."

Karlene alikuwa ameishika kaunta kwa mikono miwili. Alichokuwa akikifikiri ni kwamba Trent alikuwa sahihi. Kwenye tope, baiskeli ya bluu ilikuwa bora, kwa sababu ingeshindwa haraka. Lakini siku ya tope asingepita tena kwenye udongo na baiskeli yoyote. Basi tope lilikuwa limetoka kwenye hesabu. Kilichobaki kilikuwa njia ndefu, yenye kokoto mpya, kwenye upepo. Katika njia hiyo, ya bluu pengine ilikuwa na kasi zaidi. Pengine ilikuwa na kasi zaidi kwa maili kumi na tatu, na kwenye ya kumi na nne gumegume lingeipasua tairi ile nyembamba. Hakujua. Hapo ndipo kosa la siku nzima lilipokuwa: moja alikuwa ameiona kwenye siku nzuri, nyingine kwenye siku mbaya, na alikuwa akitaka kuzilinganisha.

"Nipe ya bluu nikaizungushe kwenye njia ndefu," alimwambia Royce.

"Saa kumi imefika, shemeji."

"Kesho?"

"Kesho Jumapili. Kanisani, halafu kwa mama. Na huyu bwana amesimama hapa na fedha mkononi."

Trent alizionyesha, kwa adabu.

Karlene aliitazama saa yake mara moja zaidi.

"Ya bluu naijua siku yake nzuri," alisema Karlene mwishowe. "Siku yake mbaya siijui. Ya kijani siku yake mbaya naijua. Ilikuwa leo, na ni saa moja na dakika nane. Mimi nina saa moja na dakika kumi na tano. Sina ruhusa ya kuchelewa hata mara moja, kwa hiyo sinunui wastani. Naichukua ya kijani."

"Lakini huna uhakika kama ni bora," alisema Trent.

"Sina."

"Kwa hiyo unaniachia nirudi Salina mikono mitupu kwa kitu usichokuwa na uhakika nacho."

"Ndiyo."

Trent alimtazama Royce, akatafuta huruma, hakuipata. Akaishusha miwani machoni. "Hiyo ya bluu," alisema baada ya muda, "breki ni za mafuta kweli?"

*

Jumapili usiku mvua ilinyesha tena, na upepo ukageuka ukatoka kaskazini, wenye baridi ya kuuma. Jumatatu alfajiri Duane alikuwa ameshaondoka. Joelle alikuwa amepimwa, amechomwa sindano, amekaa mezani na blanketi mabegani, anakula uji wa shayiri macho yamefumba. Baiskeli ilikuwa barazani, imeoshwa, gia zote tisa zinaitika.

Saa kumi na moja na nusu ikafika. Leona hakufika.

"Mama, nenda," alisema Joelle. "Niko sawa. Sukari yangu iko sawa, umeiona."

"Nimeiona ya sasa. Sijaiona ya baada ya nusu saa."

Alisimama dirishani na kofia kichwani. Kila dakika iliyopita aliitoa kwenye saba alizokuwa nazo za akiba. Zilipokwisha, taa za gari la Leona zilikuwa bado hazijaonekana. Ikapita nyingine. Kisha taa zikapanda kilima, taratibu, kwa sababu Leona hakuwahi kuharakisha gari maishani mwake.

"Kuna mzee amefariki zamu yangu," alisema Leona akiingia, koti lake likinuka dawa. "Sikuweza kumwacha hivyo hivyo. Nenda, mwanangu. Nenda!"

Karlene alikuwa ameshafika barazani. Glavu zilibaki juu ya meza. Alizikumbuka baada ya kuvuka lango, na hakurudi.

Upepo ulikuwa nyuma yake sasa. Hakuwa ameutegemea, na hakuushukuru. Aliuingiza tu kwenye hesabu. Kokoto zilikuwa zimelowa na kung'aa mbele ya taa. Vidole viliuma mpaka maili ya tano, kisha vikaacha kuuma, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi, kwa sababu ilimbidi kuvitazama ili ajue kama viko kwenye breki. Kwenye mteremko wa makaburi alizibana breki mapema mno, gurudumu la nyuma likateleza, likashika. Alisikia sauti yake mwenyewe ikisema kitu, hakujua nini. Mtikisiko wa mawe ulimpanda mikononi mpaka kwenye meno. Taa za hospitali zilionekana kutoka mbali sana, kama kawaida ya nchi ile, na zikakataa kukaribia.

Maxine Haskett alikuwa amesimama mlangoni mwa maabara na kikombe cha kahawa. Aliitazama saa ya ukutani, akamtazama Karlene, kofia, matope, pua inayochuruzika.

"Dakika tatu," alisema.

"Kabla," alisema Karlene.

"Najua kusoma saa. Mzee Stucky yuko kiti cha pili, hajala tangu jana, na ana hasira. Mishipa yake unaijua."

Karlene aliijua. Mzee Orville Stucky alikuwa na mishipa ya kujificha, na alikuwa amewahi kuandika malalamiko kwa mkurugenzi baada ya kuchomwa mara tatu. Alivua koti, akavaa vazi jeupe, akanawa. Alipochukua sindano, ncha yake ilikuwa ikitetemeka.

Aliiweka chini. Akazishika ngumi, akazifungua. Mikono ilikuwa bado barabarani; kila kidole kilikuwa kikitikisika kivyake. Hili hakuwa amelipima. Alikuwa amepima muda, tairi, upepo na gia, na hakuwahi kujiuliza mikono yake ingekuwaje baada ya kufika.

"Kuna nini?" aliuliza Haskett kutoka mlangoni. Hakuondoka.

"Baridi."

"Utaweza?"

"Nipe dakika mbili."

"Mimi nitakuwa mfu kwa njaa kabla ya dakika mbili," alisema Mzee Stucky.

"Basi utakuwa mtulivu, mzee wangu," alisema Karlene, "na itanirahisishia kazi."

Mzee aliguna. Ilikaribia kuwa kicheko.

Alifungua bomba la maji moto, akaacha mikono humo kadiri ilivyoweza kustahimili. Damu ilirudi vidoleni kwa maumivu yaliyomtoa machozi, naye akawa amempa Haskett mgongo ili yasionekane. Hakuyafumba macho. Alitazama kidole cha shahada peke yake, kile cha kutafutia mshipa, akakingoja. Kilitikisika. Kilitikisika kidogo. Kikatulia. Kidole gumba kilichelewa.

Akakausha mikono, akavaa glavu za mpira, akafunga mkanda juu ya kiwiko cha mzee. Aligusa ngozi ile nyembamba. Mara ya kwanza hakuhisi kitu. Akasogeza kidole upana wa unywele mmoja kulia, akabonyeza, akaachia, na chini kabisa mshipa ukamjibu.

"Unachoma au unanipapasa?" alisema Mzee Stucky.

"Vumilia kidogo."

Aliegemeza mkono wake wote juu ya mkono wa mzee, ili ukitikisika utikisike pamoja na wake, akaingiza sindano. Damu ikapanda ndani ya chupa, nyeusi, bila kukatika. Akabadilisha chupa. Akabadilisha ya pili. Alipofungua mkanda na kubandika pamba, alisikia viatu vya Haskett vikiondoka mlangoni.

"Umemaliza?" aliuliza mzee.

"Nimemaliza. Nenda ukale."

Alizigeuza chupa zote tatu polepole, akaandika jina, tarehe na saa kwenye kila moja, akaisoma mara mbili. Kisha akatoka kwenye korido, akamkuta Haskett kwenye mashine ya kahawa.

"Naomba kuwa na glavu za akiba kwenye kabati," alisema Karlene, "na kesho nitahitaji dakika tano za maji moto kabla ya mgonjwa wa kwanza. Nitazipata kwa kufika mapema."

Haskett alikunywa kahawa yake. "Redio inasema kesho mvua tena."

"Nimesikia," alisema Karlene, akaenda kumwita mgonjwa wa pili.